Herufi Nne za Ghala la Pamba

Mlioanza kunisoma leo, karibuni, na poleni. Mmeingia nyumba yenye msiba.

Kwa ufupi: mimi ni fundi wa herufi. Nachonga herufi za mbao za kubandikwa kwenye kuta za majengo. Kazi hiyo ilianza kufa siku alipoingia mjini jamaa mmoja na mashine yake ya kuchapa mabango ya plastiki. Tumwite Bwana Plastiki. Kwanza alinichukulia wateja. Alipomaliza wateja, akanichukulia mke.

Mke wangu alipoondoka, alimwacha binti yetu kwa mama yake. Mtoto huyo sote tunamwita Maswali. Ana miaka saba na bado sijamsikia akimaliza sentensi bila kuuliza kitu. Nilipokwenda kumchukua, mama mkwe alinizuia kizingitini.

"Mtoto hatoki kwangu mpaka uwe na kazi ya kueleweka," alisema. "Sitaki vibarua vya leo ipo kesho haipo. Nataka kazi, baba."

Wiki iliyopita niliwaacha pale ambapo kazi hiyo ilipatikana. Kuna msomaji akanitumia hadi salamu za pongezi. Ndugu yangu, ungesubiri kidogo! Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa, huzaa dume.

Haya, tuendelee.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye lile ghala la zamani karibu na reli. Juu ya milango yake mikubwa limeandikwa GHALA LA PAMBA, kwa herufi za mbao ndefu kama binti yangu. Nani alizichonga, hakuna anayejua. Sasa ghala linageuzwa kuwa maktaba, na mwenye jengo anataka lisomeke GHALA LA VITABU.

Maneno mawili ya mwanzo hayaguswi. PAMBA inashuka, ila A moja na B zinarudi juu kwa kazi mpya. V, I, T na U hazimo kwenye maandishi ya zamani, kwa hiyo zichongwe upya. Na zichongwe zifanane na wenzao, mpita njia asijue ipi ya jana na ipi ya leo.

Aliyenipa kazi ni msanifu wa jengo, dada mmoja mpole, kijana, ambaye sijawahi kumwona bila kofia ngumu kichwani.

"Fundi," aliniambia siku ya kwanza, "mtaa huu mzima ni majengo ya zamani, na yote yatatengenezwa. Ukinifanyia hizi nne vizuri, nitakupendekeza kwa mwenye jengo uwe fundi wa maandishi wa mtaa mzima. Utaajiriwa. Utakuwa na mkataba."

Mkataba! Nilitoka pale mbio hadi kwa mama mkwe, jasho linanitiririka.

"Mkataba uko wapi?" aliuliza.

"Uko njiani, mama."

"Basi na mtoto yuko njiani."

Maswali alikuwa amechungulia nyuma ya pazia. "Njia gani, bibi?"

Nikarudi kazini. Na hapa, wasomaji wangu, ndipo mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojipalia makaa kichwani kwa mikono yangu mwenyewe.

Herufi ni ukoo. Ukitaka kumchonga asiyekuwepo, unamtafuta kwa ndugu zake. I unaipata kwenye mguu wa H. T ni mguu huohuo na mkono wa L juu yake. V ni A iliyosimama kwa kichwa, ila uizungushe, usiigeuze kama kwenye kioo, la sivyo mguu mnene unahamia upande usio wake na herufi inachechemea. U ndiyo yatima. Tumbo lake nililiomba kwa G.

Nilipanda ngazi na karatasi kubwa na kipande cha mkaa. Nikafunika kila herufi, nikaisugua na mkaa mpaka umbo lake likatokea kwenye karatasi. Nikapima unene wa kila mguu. Nikapapasa kila pembe kwa kidole, kama kipofu anayemtambua mtu usoni.

Pembe zote zilikuwa za mviringo, laini kama sabuni iliyokwisha kutumika.

"Nimeshaijua mikono hii," nilimwambia Msanifu. "Ni ule uchongaji wa zamani wa pembe za duara. Miguu minene, pembe laini. Siku hizi hakuna anayeuweza."

Msanifu alipanda ngazi ya pili, akaitazama G kwa karibu.

"Fundi, rangi hizi zimepakwa mara nyingi sana."

"Jengo la miaka mingi, dada. Lazima lipakwe."

"Tusikwangue moja kwanza? Moja tu. Tuone mbao yake ikoje."

Mimi nikacheka. Naam, nilicheka. Nikiukumbuka mcheko ule natamani kujizaba kofi.

"Dada yangu," nikamwambia, "mwenye macho haambiwi tazama. Mimi herufi naijua ikiwa imevaa na ikiwa haijavaa. Tukianza kukwangua sasa tutaziharibu bure."

Aliniangalia kidogo, akashuka ngazi.

"Wewe ndiye fundi," alisema.

Nikachonga. Sitawachosha na habari za msumeno na randa. Itoshe kusema kwamba nilichonga kama mtu anayemchonga mtoto wake arudi nyumbani. Kila nilipopitisha msasa kwenye pembe ya V, nilikuwa namwona Maswali ameketi juu ya meza yangu ananiuliza mbona vumbi la mbao linanukia vizuri na la barabarani linanuka.

Siku tulipozipandisha, tulikuwa watatu: mimi, Msanifu, na Fundi Rangi. Huyu Fundi Rangi ni rafiki yangu wa siku nyingi, mtu wa domo, anayeweza kupiga soga hata na ukuta anaoupaka. Tulizikaza ukutani, tukavuka barabara, tukageuka kutazama.

Msanifu alizihesabu moja moja kwa kidole.

"Siwezi kuzitofautisha," alisema. "Kweli kabisa. Siwezi."

Fundi Rangi alinipiga begani. "Kaka, leo umeua!"

Machozi yalinilenga. Nilitamani mke wangu apite pale na Bwana Plastiki wake, waone. Sikungoja hata furaha itulie. Nikampigia mama mkwe palepale.

"Mama, njoo Jumamosi uone kazi ya mkweo. Mlete na Maswali."

"Mkataba umefika?"

"Mwenye jengo anakuja Jumamosi hiyohiyo. Akiona tu, anatia saini."

"Tutakuja," alisema. Kwa mara ya kwanza tangu binti yake aondoke, sauti yake ilikuwa na kijoto.

Laiti ningeishia hapo! Laiti ningekwenda kulala nikaamka Jumamosi. Lakini siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na mingine nyani mwenyewe huipaka mafuta.

Jumamosi asubuhi nilifika mapema, nikasimama tena ng'ambo ya barabara. Jua lilikuwa limepiga ukuta wa ghala kwa ubavu. Nikaona herufi zangu zinang'aa safi, na zile za zamani zina mikunjo na vijipele vya rangi iliyobabuka. Roho ya fundi ikaniuma. Nikamwita Fundi Rangi.

"Zile kuukuu zikwangue mpaka mbao. Kisha tuzipake zote rangi moja, mpya na za zamani. Mwenye jengo akija azikute kama mapacha."

"Zote nizikwangue?"

"Zote. Usibakishe hata tone."

"Msanifu anajua?"

"Msanifu mwenyewe alitaka tukwangue. Fanya kazi, bwana."

Mimi nikaenda nyumbani kupiga pasi shati. Nilitaka mama mkwe anikute mtu.

Niliporudi, Fundi Rangi alikuwa ameketi juu ya jukwaa la kupandia ukutani, miguu inaning'inia, amenyamaza. Fundi Rangi kunyamaza!

"Kaka," alisema, "hebu kwanza usitazame juu."

"Kuna nini?"

"Nimekwambia usitazame."

Nikatazama.

Mama yangu mzazi!

Ukutani kulikuwa na herufi ambazo sijawahi kuziona maishani mwangu. GHALA LA, wembamba, warefu, pembe kali za kukatia karatasi. Miguu yao ilikuwa imenyooka, imetulia, mbao nyeusi tupu, nzuri hadi unaona aibu kuzitazama na shati la pasi. Halafu pembeni yao, neno langu. V, I na T nene, zimevimba. A na B nyembamba. U nene. Lilikuwa kama benchi la kituoni ambalo wanene wanne wamewabana wembamba wawili katikati.

"Nilikwangua rangi nikakuta rangi," Fundi Rangi alisema kwa sauti ya chini. "Nikakwangua hiyo, nikakuta puti, ule udongo wa kuzibia nyufa. Chini ya puti, rangi. Chini ya rangi, puti tena. Kaka, nilifika mahali nikaogopa kwamba mbao haipo kabisa."

Chini ya jukwaa vilijaa vipande vya ganda hilo, vinene kama kidole changu. Nikaokota kimoja. Upande mmoja kilikuwa na pembe ya mviringo, laini kama sabuni.

Ndiyo hiyo pembe niliyoipapasa kama kipofu. Ndio huo uchongaji wa zamani niliousifia. Nilikuwa nimepima rangi. Nilikuwa nimechonga, kwa ustadi wangu wote, sanamu ya puti.

Nikaketi chini, na shati la pasi na kila kitu.

"Usikae, bwana, inuka," Fundi Rangi alisema. "Hujafa, hujaumbika. Si unaweza kuzipunguza? Piga randa kila upande, zikonde."

Nikainuka. Nikapanda jukwaani, nikapima. I ingewezekana. T labda. Lakini V na U nilikuwa nimeziunga kwa vipande, na vigingi vya kuungia vilipita palepale ambapo ningepaswa kukata. Nikipitisha msumeno, U inafunguka mikononi kama mkebe.

"Haiwezekani," nikasema.

"Basi tuzinenepeshe za zamani," akasema. "Puti ninayo. Tuzirudishie nyama zao. Nani atajua?"

Naona haya kuwaambia kwamba nilisema ndiyo. Nilikuwa tayari nimeshika mkebe wa puti mkononi, nakoroga, tuliposikia sauti chini yetu.

"Mnafanya nini?"

Msanifu alikuwa amesimama pale chini. Alitazama juu. Alitazama vipande chini. Alitazama mkebe mikononi mwangu. Polepole akavua kofia yake ngumu, na ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika.

"Ni nzuri," alisema. Alikuwa anaziangalia zile za zamani. "Jamani, ni nzuri namna hii, na zilikuwa humo muda wote."

"Dada, naomba..."

"Kwa hiyo tumezipata, halafu mnataka kuzifunika tena?"

Nikauweka mkebe jukwaani. Angenitukana ningepata nafuu. Hakunitukana.

"Fundi, mimi nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, dada."

"Mwenye jengo anakuja mchana huu. Zako zishushe. Afadhali akute ukuta una nafasi tupu."

"Na ile kazi ya mtaa?"

Alivaa tena kofia yake, kama anayejificha ndani yake.

"Shusha kwanza. Halafu uwepo hapa akifika, umweleze mwenyewe ulichokosea na utakavyokirekebisha. Ukimweleza wewe, mimi nitasimama upande wako. Ukichonga upya kwa kufuata hizi za kweli, bado inawezekana. Lakini asikie kutoka kwako. Ni mtu mwema, ila akidanganywa mara moja hafanyi kazi na wewe tena."

Kwa hiyo palikuwa na upenyo. Mdogo kama tundu la sindano, ila ulikuwepo. Naomba mkumbuke hilo mnaponihukumu.

Tukaanza kushusha. Fundi Rangi juu anafungua skrubu, mimi chini nimeshika kamba iliyopitishwa kwenye kapi, kile kigurudumu cha kuteremshia mizigo, nateremsha moja moja. V ikashuka. I ikashuka. T ikashuka. Nikaziegemeza ukutani, migongo kwa watu, kama watoto waliopewa adhabu.

Ikabaki U, nzito kuliko zote. Fundi Rangi alitoa skrubu ya mwisho, uzito wote ukaniangukia mikononi, na U ikaning'inia hewani juu ya kichwa changu.

"Baba!"

Wasomaji wangu, nilikuwa nimesahau. Katika msukosuko ule wote, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nimewaalika.

Maswali alikuja mbio kutoka getini, kagauni ka njano, nywele zimesukwa upya. Nyuma yake mama mkwe, mtandio wake wa kutokea begani, anatembea taratibu kama mtu aliyekuja kwenye shughuli ya heshima.

"Simama hapohapo, mwanangu, usije chini ya hii!" nilipiga kelele. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unanipokea umeshika kamba kama unavuta mbuzi?"

"Kazi, mama. Kazi haiishi."

Akatabasamu. Alitabasamu, jamani. Sijui kwa nini tabasamu lile lilinitia woga kuliko ukali wake wote.

Maswali alikuwa ameinua uso, mdomo wazi, anasoma kwa kunyoosha kidole. "Gha-la la..." Kisha akaona A na B zimebaki peke yao, akakunja uso. Kisha akaona zile nene zilizoegemea ukutani.

"Baba, zako ni zipi?"

Swali dogo. Jibu lake lilikuwa dogo pia. Nilikuwa nalo mdomoni.

Lakini alikuwa ananitazama kwa yale macho. Hajanitazama hivyo tangu mama yake aondoke. Na bibi yake amesimama na lile tabasamu.

"Zile za juu," nikasema.

"Zote?"

"Zote, mwanangu."

"Hata hiyo G?"

"Hata G."

"Na hizi nene ni za nani?"

Huko juu Fundi Rangi alikohoa. Kikohozi cha kuniombea.

"Za fundi mwingine," nikasema. "Alikosea. Ndiyo tunamshushia."

"Fundi gani?"

"Humjui."

"Alikosea kwa nini?"

"Hakuwa makini."

Maswali alirukaruka. "Bibi, umeona? Baba ndiye aliyechonga zile nzuri!"

Tabasamu la mama mkwe lilikuwa limekwenda zake. Alikuwa anazitazama zile herufi za juu, moja baada ya nyingine, hana haraka.

"Maswali," alisema, "nenda kanisubiri getini."

"Kwa nini?"

"Nenda."

Mtoto akaenda. Mama mkwe akanisogelea. Alizungumza kwa sauti ya chini, na mimi nimeshika kamba yangu, siwezi hata kujikuna.

"Mimi nimechambua pamba humu ndani tangu sijaolewa," alisema. "Hapo chini ya G ndipo tulipokuwa tunajipanga asubuhi tukisubiri mlango ufunguliwe. Herufi zilikuwa nyembamba hivyohivyo, na pembe zake hizohizo. Tuliwaona kwa macho yetu walivyoanza kuzipaka marangi. Kila meneja mpya na rangi yake."

Yote niliyoyatafuta kwa mkaa na karatasi, alikuwa nayo mama mkwe kichwani. Nilikuwa nakaa sebuleni kwake kila wiki kuomba mtoto, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza maisha yake yalikuwaje.

"Mama, nilikuwa nataka..."

"Kazi mbaya ningekusamehe. Marehemu baba mkwe wako aliharibu kazi ngapi? Tulicheka, tukalala, kesho yake akaamka akaenda. Lakini mtoto amekuuliza swali la wazi, na wewe umemjibu hivyo, na mimi nimesimama hapa."

"Naona aibu, mama. Nilishindwa."

"Sasa nisikilize. Binti yangu alinipigia simu jana. Yeye na yule mwanamume wake wanahama mji. Kesho wanapita kumchukua mtoto."

Kamba ilinichoropoka kidogo, U ikashuka kwa mshituko. Niliidaka, ngozi ya viganja ikabaki kwenye kamba.

"Kaka!" Fundi Rangi alipiga kelele. "Usiachie!"

"Nilimkatalia," mama mkwe aliendelea, kana kwamba hakuna lililotokea. "Nilimwambia mtoto ana baba, na baba yake kazi anayo, na kesho nakwenda kuiona kwa macho yangu, tena utanikuta mlangoni. Nilikuja hapa kutafuta la kumwambia, baba. Haya, nimwambie nini? Nipe neno moja ambalo si la uongo, nikasimame nalo mlangoni."

Nilifungua mdomo. Nawaapia, nilifungua mdomo.

Alisubiri. Alinisubiri kwa subira ambayo sikuistahili. Kisha akavuta mtandio wake, akageuka, akaenda getini. Akamshika Maswali mkono.

"Baba haji?" nilimsikia mtoto akiuliza.

"Baba ana kazi," mama mkwe alijibu.

"Mama! Nisubiri nishushe hii!" niliita. Nikaanza kuteremsha U mkono baada ya mkono, viganja vinawaka moto, na ile U, laana ya U niliyoinenepesha mwenyewe, ikawa inashuka kwa maringo kama bibi harusi.

Hapohapo gari la mwenye jengo likaingia getini. Mama mkwe na Maswali wakasogea pembeni kulipisha.

Mwenye jengo ni mzee mmoja mchangamfu, mwenye kucheka na kila mtu. Alishuka, akatazama juu, akaona GHALA LA, akashika kiuno.

"Ah! Ah! Tazama hizo!" Kisha macho yake yakaja kwenye U iliyoning'inia usoni kwangu, na zile nene tatu ukutani. "Na hizi nazo? Nani kazichonga hizi?"

Msanifu alikuwa amefika mlangoni mwa ghala. Alinitazama, akanipa ishara ndogo ya kichwa. Sema.

Kule getini mama mkwe alikuwa ameshapiga hatua ya kuondoka. Akasimama. Hakugeuka, lakini alisimama.

Nikavuta pumzi. Neno la kweli moja tu. Kwa mwenye jengo, kwa Msanifu, kwa mama mkwe, wote kwa pamoja, na lilikuwa linakuja, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Siyo za baba!"

Maswali alikuwa amejichomoa mkononi mwa bibi yake. Alisimama katikati ya uwanja, kifua mbele, ananitetea kwa sauti ya kusikika hadi relini.

"Za baba ni zile nzuri! Hizi ni za fundi mwingine, alikosea! Baba ameniambia mwenyewe!"

Mwenye jengo alicheka, akamshika kichwa.

"Mtoto ana akili huyu," alisema. Kisha akanigeukia, bado anacheka. "Ni kweli anavyosema, fundi?"